Njano Langoni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya manispaa imefika. Mtaa wetu unapangwa upya! Barabara itabanwa, kutakuwa na vitanda vya maua, na tuta moja kubwa lenye kivuko juu yake. Eti magari yanapita hapa kama yanakimbia moto. Sawa, yapunguze mwendo. Lakini nafasi za kuegesha zilikuwa kumi na sita, zitabaki tisa. Tisa!

Gari langu, Bi Mkubwa, ni la zamani kuliko ndoa yangu. Haliwaki kwa ufunguo, linawaka kwa kuteremka. Naliegesha mbele ya lango, pua kuelekea chini, naachia breki, na baada ya hatua ishirini linakohoa na kuwaka. Mama watoto kaisoma barua mara mbili. Akasema siku gari hilo likikosa mahali pa kulala, anampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Namba yake anayo.

Nafasi yangu haiendi popote. Haki ya Mungu.

Jumanne, 4 Machi
Mkutano wa wakazi. Mhandisi ni binti mwenye buti za kazi na ramani pana kama shuka. Mimi nilikwenda na mkakati: kukusanya kura. Nikamtoa kinyozi nje, nikambembeleza. Nikamtoa muuza magazeti. Nikamtoa mwenye bucha. Wote wakaapa watanyoosha mkono.

Tuliporudi ndani, mkutano umekwisha, watu wanakusanya viti. Hakukuwa na kura yoyote! Kumbe mhandisi alikuwa anaeleza tu maana ya rangi atakazochora barabarani. Nyeupe maana yake kitu fulani, njano kitu kingine. Si neno. Mtu mwenye akili zake haelezwi rangi.

Fundi Cherehani, jirani yangu wa hatua thelathini chini, upande wa pili, alikaa mstari wa mbele akiandika kila kitu. Kujipendekeza tu.

Alhamisi, 6 Machi
Alama zimechorwa kwa unga wa rangi. Mbele ya lango langu kuna kisanduku cheupe. Kitanda cha maua hicho, nimekijua mara moja. Tena kina urefu wa gari langu kabisa. Kejeli iliyoje!

Mbele ya Fundi Cherehani? Mistari ya njano, mipana, ya heshima, kutoka ukingo hadi ukingo. Nafasi za kuegesha, zote kapewa yeye! Na anachekelea, ametoa suti zake nje ili wapitao wazione. Niliwaza kumwuliza. Nimwulize yeye? Thubutu!

Ijumaa, 7 Machi
Alfajiri, kabla ya watu. Fagio, chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta, rangi ya njano iliyobaki ya lango. Nimefagia, nimefuta, nimechora upya. Kisanduku cheupe sasa kiko kwa Fundi. Njano iko kwangu. Mgongo unawaka moto, lakini moyo mweupe.

Niliporudi ndani nilimkuta Mama, mzazi wangu, dirishani na fimbo yake. Hajavuka barabara miezi minane sasa, tangu pikipiki ilipompokonya fimbo mkononi. Shoga yake, mama mzazi wa Fundi, anakaa papo hapo ng'ambo, na wanapungiana mikono tu kila siku. Hakuniuliza kitu. Mama hana udaku.

Jumamosi, 8 Machi
Mafundi wa barabara wamekuja na lami. Nikawapelekea maji baridi, nikawahimiza wafuate alama bila kukosea. Wakafuata.

Tuta! Langoni kwangu! Nene! Na kibao juu yake: marufuku kuegesha, hatua kumi huku na hatua kumi kule. Nikamwuliza msimamizi kile kisanduku cheupe kule chini ni cha nini. Akacheka. Ni cha kuegesha gari, mzee.

Nilikuwa nimepewa! Nimejinyang'anya kwa mikono yangu, kwa chokaa yangu!

Nikakimbilia Bi Mkubwa, nililoliegesha juu kidogo tangu Alhamisi kupisha alama, nilihamishe kabla mama watoto hajarudi. Nikaachia breki. Likateremka hatua nne, likapanda tuta nusu, likakaa kwa tumbo. Walilisukuma mafundi wanne, kinyozi, na Fundi Cherehani na tepu yake shingoni. Aliniambia pole sana jirani, kwa sauti tamu ya kuudhi. Kisanduku cheupe mteja wake alishakiwahi, kwa hiyo sasa gari liko nyuma ya ofisi ya mtaa, kwenye tambarare. Kwa gari langu, tambarare ni kaburi.

Jumapili, 9 Machi
Mhandisi amekuja. Akatazama ramani, akatazama tuta, akatazama ramani. Akauliza nani kahamisha alama. Mimi nikatazama mawingu.

Hapo Mama akatoka langoni. Akasimama ukingoni. Lori likasimama! Akavuka taratibu na fimbo yake, bila kushikwa mkono na mtu. Shoga yake alikuwa akimngoja. Wakakumbatiana, wakalia, wakaanza kusengenya papo hapo. Magoti ya Mama yasingeuweza mteremko hadi kwa Fundi, tuta lilikopangiwa. Mhandisi akakunja ramani, akasema tuta litabaki hapa.

Jioni Mama akanishika mkono mbele ya mama watoto. Akasema Ijumaa aliniona. Aliniona nikitoa nafasi ya gari langu ili yeye avuke, na tangu azae hajafanyiwa jambo kama hilo. Niliona fahari. Niliona na aibu, lakini fahari ilizidi. Nikamwambia, Mama, usijali.

Mama watoto akafuta machozi. Akasema hakujua ameolewa na mtu mwenye moyo huo. Na kwa kuwa nimeitoa nafasi kwa hiari yangu, mnunuzi wa vyuma atakuja Jumatano. Nami nimkatalieje? Nikisema ukweli, Mama atavunjika moyo.

Jumanne, 11 Machi
Mama yuko ng'ambo tangu asubuhi. Kicheko chake kinafika hadi hapa. Tuta hilo siligusi, nimeapa.

Lakini barabara ya nyuma nayo inapangwa, na mteremko wake ni mzuri kuliko wetu! Nikipata nafasi huko kabla mnunuzi hajafika, Bi Mkubwa limepona. Alama zimechorwa leo. Kopo la chokaa lina nusu, fagio liko mlangoni. Alfajiri natoka.

Huko mhandisi ametumia nyekundu na bluu. Mkutano wao sikuhudhuria. Si neno. Bluu ni ya kuegesha, inajionyesha yenyewe.