Anayerudia Hadithi Aoshe Vikombe

Kwangu, kwenye mkahawa huu mdogo, kuna sheria moja tu, nimeiandika kwa kalamu nene na kuibandika juu ya sinki: ANAYERUDIA HADITHI AOSHE VIKOMBE. Niliiweka kwa hasira. Wanaume wanaokaa kwenye benchi langu hapa Anderlecht, karibu na ngazi za metro, wangeweza kukuhadithia penalti moja ya mwaka juzi mpaka kahawa iote ukungu. Mimi Mauwa wa Buyenzi, Bujumbura, nilikimbia vita, nikakimbia kodi ya nyumba ya Etterbeek, sikuja Ubelgiji kuzeekea penalti. Tangu siku hiyo, ukisimulia jambo mara ya pili ndani ya siku moja, benchi zima linapiga kelele "Vikombe!" na wewe unakwenda kwenye sinki, uwe mkubwa uwe mdogo.

Sasa Jumatatu ile, baada ya alasiri, akaingia Papa Banza bila hata salamu. Tunamwita Ralenti, maana refa akipuliza filimbi tu, yeye anasimama kudai picha irudishwe polepole. Anadai hivyo hata kwenye uwanja wetu, ambao hauna kamera hata moja, una nyasi na mbwa wa jirani.

"Maman Mauwa, banatuua! Banatuua wazima wazima!"

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Bonjour, maman. Banatuua!"

Nikamimina kahawa. Nilijua ni ragbi, ile ya treize, watu kumi na tatu kila upande na mpira wenye umbo la yai. Timu yetu inaitwa Lions du Canal. Banza ameifuata miaka tisa, mvua na theluji, na haijawahi kufika fainali. Jana yake ilishinda nusu fainali, na fainali ilikuwa Jumamosi. Badala ya kushukuru Mungu, mzee anavimba.

"Barua ya kamati imetoka," akasema, akaipiga mezani. "Sudi hachezi. Trois semaines, wiki tatu, kupumuzika!"

Sudi mwenyewe alikuwa pale kwenye kona, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ni mtoto wa Bujumbura, anafanya kazi ghalani, anaendesha clark, ile gari ndogo ya kunyanyulia mizigo. Tunamwita Frigo, yaani friji, na ukimwona mlangoni hutauliza sababu. Alipigwa bega la shavu katikati ya mechi, refa akamtoa nje.

"Mi niseme nini miye?" Banza akaendelea. "Ule muntu alimupiga Sudi na bega. Bega kavu, mikono haiko! Arbitre ameona. Njo anamutoa nani? Anamutoa Sudi! Muntu anaibiwa, halafu polisi banamufunga yeye!"

"Pardon," akasema Polycarpe. Huyu anafanya usafi kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, na kwa kuokota makaratasi ya wakubwa amejiona mkubwa wa makaratasi. Jina lake hapa ni Article, yaani kifungu cha sheria. "Kanuni zinasema, mchezaji akipigwa ku kichwa, anatoka, anapimwa. Ni kwa ajili ya usalama yake."

"Na ule mwenye kupiga?"

"Ule angepata carton, kadi. Hapo arbitre alikosea."

"Aah! Umesikia, maman? Article anakubali!"

"Nimekubali nusu."

"Nusu inatosha! Na ile Jumapili ingine? Kabeya wetu alipewa carton jaune, ya njano, eti amemushika muntu juu ya mabega. Ule muntu eko mufupi sawa thermos ya maman Mauwa! Ungemushikia wapi? Ku viatu?"

Benchi likacheka, hata mimi nikacheka, ingawa thermos yangu haikumkosea mtu.

"Zamani batu balikuwa banagongana, banaamuka, banaendelea," akasema Banza. "Leo ukimukoholea muntu, carton. Kesho bataleta mito ya kulalia ku uwanja."

"Wewe Ralenti ulicheza lini?" nikamuuliza.

"Mi ni supporter, maman. Supporter anaumia kuliko mchezaji."

Akatoa kalamu. Alikuwa amekuja kuandika barua ya kupinga, sisi wote tutie sahihi, kamati imrudishe Sudi kabla ya Jumamosi. Article akapewa kazi ya kutafuta maneno mazito. Sudi akaambiwa asimulie.

"Bon," Sudi akaanza, "nilikuwa na mpira kwenye kwapa hili. Nikageuka kumtafuta Kabeya. Yule bwana akaja upande wa mti, paa! Nikaona nyasi. Nikaamka, nikamwambia refa niko fiti, akaninyooshea mlango."

"Ajabu!" Banza akaandika mpaka meza inatikisika. "Article, 'refa wenu eko kipofu' tunaandika namna gani kwa heshima?"

"Andika 'hakujaliwa pembe nzuri ya kuona.'"

"Wee Article, una kichwa!"

Nikapitisha kahawa ya pili na tangawizi. Sudi akanywa, akaweka kikombe, akapiga goti lake.

"Sha, sijawaambia ya jana! Nilikuwa na mpira kwenye kwapa hili. Nikageuka kumtafuta Kabeya..."

"VIKOMBE!"

Walicheka mpaka Article akapaliwa. Sudi akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa, kisha naye akacheka, akanyanyua lile jumba lake la mwili, akaenda kwenye sinki. Nilimsikia akiosha polepole. Kikombe kimoja alikiosha mara tatu. Nikadhani ananitania.

"Tumalizie," akasema Banza. Akawa anaandika huku akisoma kwa sauti: "Donc, mchezaji wetu eko muzima, anakula vizuri, na hana shida yoyote ya..."

Sudi akarudi akijifuta mikono kwenye suruali. Akakaa. Akamgusa Banza bega.

"Papa Banza, sijakuambia ya jana. Nilikuwa na mpira kwenye kwapa hili..."

Hakuna aliyesema vikombe.

Kalamu ya Banza ilikuwa imesimama pale pale, kabla ya neno "kichwa". Tulikuwa tumemcheka mtoto wa watu, tukamwoshesha na vikombe.

"Sudi," Banza akasema taratibu, "leo ni siku gani?"

"Leo? Leo si mechi?" Akatazama ukutani, akaona saa. "Eh! Nachelewa kazini. Clark inanisubiri."

Akasimama na funguo za gari mkononi.

Nilishika simu, nikampigia Thérèse, msaidizi wa wauguzi kwenye hospitali kule Jette, ambaye hunywa kahawa hapa siku zake za mapumziko. Sikumaliza hata sentensi.

"Mulete huku sasa hivi! Asiendeshe gari, asiende ku kazi. Maman, munangoja nini?"

Lakini kumzuia Frigo si kumzuia mtu wa kawaida. Article alimsimamia mbele akataja kanuni, akasogezwa pembeni kama kiti.

"Niko fiti! Niacheni! Jumamosi nina fainali!"

Hapo ndipo Banza alipoinuka. Akachukua kifuniko cha thermos yangu, chekundu, akaenda mlangoni, akajinyoosha mpaka vidole vya miguu, akakiinua juu mbele ya uso wa Sudi.

"Carton rouge. Dehors, inje. Na ku hospitali."

Sudi akasimama. Miaka sita uwanjani imemfundisha mwili wake: rangi ile ikipanda, miguu inasimama. Akakitazama kile kifuniko, machozi yakamjaa.

"Papa Banza! Na wewe?"

"Na miye."

"Refa mwizi! Fainali, papa! Tumengoja miaka tisa! Ralenti! Irudisheni polepole!"

"Ndiyo, mwana, mi ni mwizi," akasema Banza, akanyoosha mkono. "Leta funguo."

Akapewa. Article akawaendesha mpaka Jette. Ile barua ya kupinga nikaikuta mezani, Banza ameichana vipande vinne kabla ya kutoka.

Mtikisiko wa ubongo, ndivyo daktari alivyosema. Damu haikuvuja, alhamdulillahi. Apumzike, asiguse clark, mpira asiuote hata usingizini. Kugongwa mara ya pili Jumamosi kungeweza kumzima kabisa, Thérèse alituambia, na hakuwa anacheka. Fainali tulipigwa kwa pointi mbili. Banza alikaa mstari wa mbele dakika zote themanini, na refa hakumsikia hata akipiga chafya.

Mdomo ulirudi baadaye. Wiki ya nne, Sudi aliingia na karatasi ya daktari ya kumruhusu mazoezi mepesi, macho yameng'aa, kila neno mahali pake. Akamkuta Banza amemkamata mteja mgeni, amemkunja kwenye kona:

"...donc bote banacheka, bote! Mi peke yangu njo niliona. Nikasema, huyu mutoto hapana, huyu kichwa..."

"Papa Banza," Sudi akamkatiza, "hiyo si ulimwambia Article saa nane?"

"Article si muntu! Article hahesabiki!"

Sudi hakubishana. Alinyoosha mkono kwenye thermos, akafungua kifuniko chekundu, akakipandisha mpaka kwenye taa.

"Vikombe!" benchi likaitika, na mgeni naye akaitika asijue anaitikia nini.

Mzee akavua koti. Akaenda kwenye sinki akiburuta viatu, ananung'unika, "Arbitre mwizi. Arbitre mwizi kabisa."

"Na hiyo," nikamwambia, "umeirudia miaka tisa. Ongeza na masufuria."