Mtoto Wangu wa Mtandaoni

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimekubaliwa! Madam Mwongeli, mwalimu mkuu wa shule ya hapa Gatwekera, amesema Ijumaa niongee na wazazi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni. Urbanus, mshindani wangu wa siku zote, pia aliomba. Urbanus ana projekta; mimi nina kipaji. Alinipongeza akitabasamu kama mtu mwenye jino bovu.
Shida: wazazi husinzia. Lazima niwatishe.

Jumanne, 10 Juni
Mpango! Nimefungua akaunti ya mtoto wa uongo. Anaitwa Pendo, darasa la sita. Wazazi watajionea wageni wakimwandikia. Picha ni ya Adhis, binti ya dada yangu Mildred, naye yuko darasa la sita shuleni kwa Madam Mwongeli. Sikumuuliza Mildred. Huwa haingii mtandaoni.
Hakuna aliyeandika. Hata kwa uongo sina nyota!

Jumatano, 11 Juni
Ameandika! Anajiita Anko. Kauliza Pendo alikula nini shuleni. Nikajibu wali. Akasema nisimdanganye, nilikula githeri, mahindi na maharagwe.
Nikacheka. Jioni nikamuuliza Adhis, kama mtu asiye na haja. Githeri.
Si kitu. Shule zote hupika githeri.

Alhamisi, 12 Juni
Anko anasema kiwiko cha sweta ya Pendo kimeshonwa vizuri, kwa uzi wa bluu.
Nimeenda kwa Mildred. Adhis alikuwa mlangoni akisugua viatu. Kiwiko: uzi wa bluu. Picha niliyoweka inaishia mabegani. Nimeiangalia tena na tena.
Ningemwambia Mildred. Lakini kesho ndiyo siku, na mfano kama huu Urbanus hataupata maishani.

Ijumaa, 13 Juni
Darasa lilijaa. Urbanus alileta projekta, akaketi mbele akisubiri niaibike. Nikaunganisha simu yangu nayo, nikaonyesha maneno ya Anko. Hakuna aliyesinzia!
Ndipo ujumbe mpya ukatokea ukutani, mbele ya wote: "Pendo, mbona unawaonyesha watu wazima mambo yetu?"
Mlango ulikuwa umefungwa. Dirishani hakuna mtu. Madam Mwongeli akasema polepole kila mmoja aweke simu juu ya dawati. Tukaweka. Tukatazamana.
Ukaingia mwingine: "Mama Adhis, usilie."
Mildred alikuwa nyuma kabisa. Hakuwa akilia bado.
Akasimama. "Osewe, hiyo picha ni ya mtoto wangu?"
Akakimbilia darasa la sita. Adhis alikuwa salama, akichora ng'ombe. Wazazi wakatoka mmoja mmoja, kila mtu akimwogopa aliye nyuma yake.

Jumamosi, 14 Juni
Polisi. Afande Nanyama wa dawati la watoto amechukua simu yangu. Anasema mmoja wetu alikuwa na simu ya pili mfukoni. Nani, bado hawajui. Ametuonya: hakuna picha, hakuna jina, hakuna kusema mtoto yuko wapi. Nikaitikia kwa kichwa.
Mildred amempeleka Adhis kwa shangazi yetu, mtaa wa Kawangware 56. Haongei nami.

Jumatano, 18 Juni
Mtaa mzima unasema nilimweka mtoto hatarini. Mimi! Lazima wajue mambo yameisha vizuri. Nimeazima simu, nikaenda Kawangware, nikampiga Adhis picha kwenye lango la shule yake mpya, jina la shule likionekana vizuri juu yake. Nikaiweka mtandaoni: "Adhis yuko salama sasa."
Watu wamefurahi! Mmoja, simjui, ameuliza mtoto hutoka shule saa ngapi, na kama huenda nyumbani peke yake.
Watu wanajali jamani. Nimemjibu.