Kocha Ukuta Akataa Kunishtaki

Jumatatu, 6 Mei
Wiki ya tatu tangu riwaya yangu itoke. Kimya! Kurasa mia tatu za moto juu ya kocha wa timu ya taifa, yule wanayemwita Ukuta kwa kupanga mabeki hata mahali pa washambuliaji. Nimemwita mwoga, dikteta, mchawi wa sare tasa. Hakuna aliyeudhika. Taifa gani hili lisilojua hata kukasirika? Dada yangu kasema kwenye simu eti yuko ukurasa wa nne. Wiki jana pia alikuwa ukurasa wa nne. Nikamuuliza ukurasa huo unasema nini. Akadai maziwa yanafurika jikoni, akakata.

Jumanne, 7 Mei
Mbinu! Kitabu hakisomwi bila ugomvi. Nimeliandikia gazeti barua kwa jina la bandia, "Mpenzi wa Soka", nikikiponda kitabu changu bila huruma. Kisha nikaandika jibu kwa jina langu halisi, nikimsaga huyo Mpenzi wa Soka hadi huruma ikanishika. Nimezipeleka mwenyewe.

Jumatano, 8 Mei
Mhariri kapiga simu, anacheka. Kauliza nimewezaje kuijibu barua ambayo gazeti halijaichapisha. Zote mbili nilizitia bahasha moja! Nikamwambia mwandishi wa kweli huona mbali. Akaniita mzee wangu, akanisihi nipumzike. Mzee wake! Kanizidi miaka miwili.

Alhamisi, 9 Mei
Basi Ukuta mwenyewe anishtaki. Mahakamani vitabu husomwa kwa sauti, tena watu wamekaa kimya. Nimempelekea nakala ofisini kwake. Matusi yote nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu asihangaike kuyatafuta. Anwani yangu nimeiandika mara mbili.

Jumamosi, 11 Mei
Kabisha hodi mwenyewe! Peke yake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Nikajikinga nyuma ya kiti. Kumbe kaja kusema amekisoma kitabu mara mbili. Chote! Ile sare tasa ilimchekesha hadi akamsomea dereva wake. Kisha akauliza nilijuaje kwamba kocha hula amesimama jikoni, kwa sababu akikaa mezani ataviona viti vitatu vitupu. Sura ile sikuifanyia utafiti wowote. Nilitazama tu jikoni kwangu.

Alikaa saa mbili. Akanywa chai, akaosha kikombe chake. Akaomba kesho aje tutazame mechi ya ligi, maana akitazama na watu wengine, wao humtukana kabla ya mapumziko. Nikauliza, na kesi je? Akasema, "Nikushtaki kwa lipi, kaka? Wewe ndiye umenielewa."

Balaa tupu!

Jumapili, 12 Mei
Saa kumi kamili kaja, na mfuko wa machungwa. Mimi nimeshamficha mwandishi wa michezo wa lile gazeti chumbani, kalamu mkononi, tayari kwa ugomvi. Kipindi cha kwanza nilijisahau. Tulibishana juu ya kona, tukamenya machungwa, goli lilipoingia tukapiga kelele pamoja. Sikumbuki lini mara ya mwisho sebule hii ilisikia kelele za watu wawili.

Kisha nikakumbuka kazi. Nikasimama, nikamwambia ni mwoga, na kwamba hata mkewe alichoka kukaa na timu isiyoshambulia. Chumbani mwandishi akapiga chafya. Ukuta akautazama mlango ule, akanitazama mimi. Akasema tu, "Kumbe na wewe." Akavaa kofia, akatoka.

Mwandishi kaniambia kocha kutukanwa si habari. Habari ingekuwa amepata rafiki. Kaondoka na machungwa yaliyobaki.

Jumatatu, 13 Mei
Nimeyapitia mambo yote kwa utulivu na haki. Kosa ni moja tu: nilichagua adui mpole mno. Riwaya ya pili itamhusu refa. Marefa wana visasi! Sura ya kwanza nimeimaliza kabla ya saa sita. Simu haikulia, hakuna aliyebisha hodi, nyumba nzima haina hata mtu wa kukohoa. Mwandishi wa riwaya aombe nini zaidi?