Mapezi ya Boti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Boti imelala upande tena. Kulia, kama kawaida yake. Tulikuwa katikati ya maji, nawasimulia abiria jinsi nilivyokaribia kuwa rubani wa ndege, mara ubavu wa kulia ukachota maji. Trei mbili za mama muuza mayai zikateleza. Nesi wa zahanati ya ng'ambo akalowa hadi magotini. Wote walikuwa wamejibana upande wa kulia, kama wafanyavyo siku zote. Wanapenda mandhari. Sijui mandhari gani, maana upande ule hakuna kitu ila matete na bomba la maji machafu.

Ajabu ni kwamba nikiwa peke yangu boti inalalia kushoto, ninakokaa mimi kwenye usukani. Nikipakia watu, inalalia kulia. Boti haina msimamo!

Nesi alishuka wa kwanza, akakamua gauni. Alikwenda moja kwa moja kwa baba mkwe, mwenye boti. Nikaitwa. Nilimkuta mzee sebuleni anakata kucha za miguu, na hakuacha kukata. Akasema amechoka kupokea watu waliolowa mlangoni kwake. Jumamosi atapanda mwenyewe, pamoja na abiria wangu wa kila siku, ameshika kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni. Chai ikimwagika, boti inakwenda kwa shemeji.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwapo, anatabasamu. Yeye ni mchomeleaji mageti. Nikamuuliza mtu asiyejua hata kuogelea atafanya nini na boti. Akasema ataing'oa injini aiuze, na boti ataiweka mbele ya karakana, wateja wakae humo wakisubiri mageti yao.

Benchi! Boti niliyoipaka rangi kwa mikono yangu miwili, iwe benchi!

Roho imeniuma, sifichi. Kufuga sungura kulinishinda. Biashara ya kuchaji simu ilinishinda. Ndani ya boti hii mimi ni nahodha. Nikishuka, mimi ni mume wa binti ya mzee. Lakini sikati tamaa. Akili ni mali, na mimi katika mali hiyo ni tajiri.

Jumanne, 5 Machi

Dawa imepatikana! Mapezi!

Nimeyaona kwenye duka la vipuri vya boti. Ni mabati mawili, yanafungwa nyuma ya boti chini kabisa, moja kulia, moja kushoto. Unabonyeza swichi, pezi linashuka, maji yanalisukuma, na upande ule wa boti unainuka. Boti ikilala kulia, unashusha pezi la kulia. Mtoto mdogo anaelewa. Nimeelewa mara ya tatu.

Muuza vipuri ana maswali kama daktari. Kwanza akataka kujua urefu wa boti. Ni mita tano. Lakini palikuwa na mabwana wawili wenye maboti makubwa wamesimama pale kaunta, wamevaa miwani ya jua ndani ya duka. Nikasema mita nane. Akauliza nguvu ya injini. Nikaiongeza na yenyewe, isije ikaonekana dhaifu kwa mita nane. Akaniletea mapezi mapana kama milango ya kabati. Akanionya kwamba haya ni ya boti kubwa. Kwenye boti ndogo yatainua nyuma kupita kiasi na pua itazama. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye mita nane.

Kisha akauliza abiria wangu hukaaje. Nikasema wote kulia. Akauliza kwa nini. Nikasema mandhari. Akaniambia basi kabla sijanunua kitu niwagawanye tu, nusu huku, nusu kule, haigharimu chochote. Nikamjibu kwamba abiria wangu si magunia ya mkaa. Nilianza kumtilia shaka pale pale. Mfanyabiashara gani anamwambia mteja asinunue?

Tumekubaliana achukue baiskeli yangu, mimi nichukue mapezi. Nilipofika nyumbani mke wangu akauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia iko kwenye mambo ya matengenezo. Sikudanganya. Kuna kitu kinatengenezwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimefunga mapezi mwenyewe, boti ikiwa imevutwa nchi kavu mbele ya nyumba. Niliazima drili kwa shemeji, maana adui hutumika pia. Akaileta mwenyewe ili apate kukaa kwenye ndoo na kucheka. Akasema boti sasa ina masikio ya tembo, tena yameota mahali pasipostahili. Nikamweleza kwa utulivu elimu ya maji na msukumo. Katikati ya maelezo akasema anaitwa karakana, ingawa sikusikia mtu yeyote akimwita.

Nilitoboa matundu manane yaliyotakiwa na matatu yasiyotakiwa. Yale matatu nimeyaziba kwa gundi. Waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikabonyeza swichi. Mapezi yakashuka, yakapanda, yakashuka! Jamani! Nilibonyeza mpaka mke wangu akatoka ndani kuuliza ni mbwa gani anaguguna mfupa.

Nimemwonyesha. Akatazama mapezi, akanitazama mimi. Akauliza taratibu kama nimewahi kufikiria kuendesha boti bila kusimulia. Nikamwambia mazungumzo ni huduma ya bure kwa abiria, wenzangu hawaitoi. Akasema ndiyo, hawaitoi, akarudi kwenye nguo zake za kupiga pasi. Wanawake hawapendi ufundi.

Alhamisi, 7 Machi

Majaribio. Nilikwenda peke yangu, maana mvumbuzi hujaribu kwanza juu ya nafsi yake.

Kutoka gatini mambo yalikuwa mazuri. Nikaongeza mwendo. Boti ikaanza kulalia kushoto, kwangu. Nikashusha pezi la kushoto. Ikanyooka! Nilipiga kelele za furaha hata ndege wakatoka kwenye matete. Hapo ndipo nilipofikiri kwamba ikiwa pezi moja linaleta raha hii, mawili yataleta raha maradufu. Nikayashusha yote, hadi mwisho.

Nyuma ikapaa. Pua ikaingia majini kama bata atafutaye chakula. Maji yalipita juu ya kioo, juu ya usukani, juu yangu. Injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Nikabaki katikati ya maji, nimekaa ndani ya maji, nachota maji kwa kofia.

Niliita msaada. Niliita kwa sauti ya kawaida, nikaita kwa sauti ya hatari, nikaita kwa majina ya watu ninaowajua. Watu gatini walinipungia mkono. Baadaye niliambiwa walidhani nawasimulia kitu.

Aliyekuja ni shemeji, kwenye mtumbwi wa kuazima, amevaa maboya mawili, moja juu ya jingine, macho yamemtoka kwa hofu. Alinivuta hadi nchi kavu. Njiani nilijaribu kumweleza kilichotokea. Sauti haikutoka. Imekwenda yote! Akaniambia nipumzike, yeye ataikausha boti na kuiangalia hadi Jumamosi. Moyo wa dhahabu ule. Nilikuwa namdhania vibaya.

Ijumaa, 8 Machi

Sina sauti hata ya kuomba chumvi. Nesi amekuja kunitazama koo na taa yake ndogo. Akasema nisiongee kabisa kwa siku tatu. Akarudia: kabisa. Akauliza kama siku saba zingeniwia vigumu. Namna anavyonijali, na mimi nilimlowesha!

Nyumbani kumetulia mno. Mke wangu anaimba jikoni, jambo nililolisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba. Majirani wamepita mmoja mmoja kuhakikisha kama ni kweli. Wamekaa muda mrefu, wamekunywa chai, wameniambia habari zao. Kumbe jirani wa kushoto ana watoto wanne. Miaka yote nilidhani ni wawili.

Nimelala chali nawaza juu ya kesho. Nikishindwa, nitapita mbele ya karakana kila siku nikiona watu wamekalia boti yangu. Chozi lilinitoka, nikalisingizia homa. Lakini kosa la jana nimeligundua: nilishusha mapezi hadi mwisho. Kesho nitashusha kidogo tu, pezi la kulia peke yake. Nimejipangia kila kitu. Hatuwezi kushindwa.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike polepole, nisisahau kitu.

Baba mkwe alikuja na shati lililopigwa pasi na kikombe chake cha udongo. Binti yake, yaani mke wangu, alimimina chai hadi ikawa inameta ukingoni. Shemeji alisimama gatini na futi ya kupimia, tayari anapima benchi lake. Abiria wakaingia: nesi, mama mayai na trei zake, na wengine wa kila siku. Wote wakaenda kulia wakajibana. Mzee akakaa katikati. Boti ikainama. Chai ikasogea hadi kwenye mdomo wa kikombe.

Nikafungua kinywa kuwakaribisha. Hewa tupu! Nikaonyesha koo kwa kidole. Wakatazamana. Nikawasha injini, tukaondoka taratibu, mzee hataki mbio.

Hatukufika mbali, mama mayai akainuka, akaja kukaa kushoto karibu nami. Akaniuliza kama ni kweli siwezi kusema. Nikaitikia kwa kichwa. Hata kidogo? Hata kidogo. Akaita wenzake. Nesi akaja kutazama koo. Wawili wakamfuata, wakisema huku kuna kivuli kizuri, hawakuwahi kukijua. Nami wakati ule ule, kwa ustadi mkubwa, nikabonyeza swichi ya pezi la kulia. Kidogo tu!

Boti ikanyooka. Ikanyooka kama meza! Maji yanapita pande zote mbili sawasawa, watu wamekaa huku na huku, wanaongea wao kwa wao, mama mayai anacheka. Chai haikutikisika. Tulipofika ng'ambo mzee aliinywa yote, akasema haina sukari.

Kisha akasema boti ni yangu niendelee nayo. Mbele ya watu! Nilitaka kumkumbatia nikakumbuka heshima. Akawatazama abiria, akanitazama mimi, akaniambia nisiwe na haraka ya kupona. Maneno yake hayo hayo. Sijawahi kupendwa hivi na mkwe.

Mapezi! Hata kwa baiskeli elfu nisingeyauza.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amekuja mapema, uso kama limao. Anataka waya wake.

Nikamwandikia kwenye karatasi, waya gani. Akanipeleka nyuma ya boti. Akakiri mwenyewe: tangu Alhamisi alikuwa ameyainua mapezi juu na kuyafunga kwa waya wa kufungia nondo, akachomoa na nyaya za umeme kwenye betri. Alitegemea boti ilale upande mbele ya mzee. Mapezi hayakushuka hata unene wa kucha. Haelewi ilinyookaje. Hakulala usiku kwa kuwaza.

Mimi nimeelewa mara moja. Mapezi yale ni ya hali ya juu kiasi kwamba yanafanya kazi hata yakiwa yamefungwa. Uzito wake tu unaituliza boti. Nikamwandikia hivyo. Akasoma, akakaa kwenye ndoo, akashika kichwa.

Nimemsamehe. Mke wangu naye, baada ya kusikia kisa chote, akasema sasa hata kipofu ameona kilichoinyoosha boti. Nikakubali kwa kichwa. Akafurahi. Nikamchorea pezi pembeni ya karatasi, nikaandika kwamba nitalisafisha kila wiki. Furaha ikamtoka, sijui kwa nini.

Jumatatu, 11 Machi

Sauti imerudi! Imerudi alfajiri, nene kuliko zamani.

Leo boti ilijaa. Sifa zimeenea, wamekuja hadi watu wapya. Nilipanga nianze kusimulia tangu gatini: Alhamisi yote, kuzama, koo, chai, ubora wa chuma. Nilipofika kwenye matundu manane, mama mayai akahamia kulia. Nilipofika kwenye matatu yasiyotakiwa, nesi akamfuata. Kabla sijamaliza habari ya gundi walikuwa wote kule, hata wageni, na wamegeuza nyuso kwenye bomba. Boti ikainama. Nikashusha pezi la kulia, sasa limefunguliwa na nyaya za umeme zimerudishwa. Likajitahidi, maskini. Tumefika trei moja ikiwa pungufu.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimekaa na kufikiri kama mtaalamu, na safari hii nimeliona kosa lenyewe. Upande wa kulia uko mbali nami, na injini inapiga kelele. Hawanisikii vizuri! Ndiyo maana wanapoteza hamu na kutazama matete. Mtu ukimkosesha nusu ya hadithi ataacha kusikiliza.

Kesho naenda kununua spika. Nitafunga mbili, moja kila ubavu. Boti inataka usawa.