Nyota Moja kwa Kitabu Kilichomuua Muuguzi

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Mtaa.

Ndugu Mkutubi,

YAH: MADHARA YA VITABU VYAKO KWA VICHWA VYA WATU

Natumaini u mzima, na kile kiti chako kinacholia kila ukigeuka kimetiwa mafuta. Mimi ni kinyozi wa mkabala na posta. Huazima vitabu kwako, mke wangu akawasomea kwa sauti wateja wanaosubiri zamu, nami nikisikiliza huku nanyoa. Kila kitabu nimekipa nyota zake kwa penseli nyuma ya jalada, kwa nia njema kabisa. Sasa naona nyota hazitoshi.

1. Riwaya ya muuguzi na mwenye duka la dawa. Muuguzi yule alikuwa mtu wa watu. Wateja walimzoea hata wakawa wanauliza habari zake kabla ya kunijulia hali mimi. Basi katikati ya kitabu, bila taarifa yoyote, mwandishi akamuua. Kwa homa! Fundi bomba, ambaye nilikuwa nimemnyoa upande mmoja tu, alisimama na kitambaa shingoni, akasema, "Mimi hapa sikai tena," akatoka. Mpaka leo anatembea na nusu kichwa. Nikimsihi arudi nimalizie, ananijibu, "Mrudishe kwanza muuguzi." Na kila anayemwona anamuuliza kanyolewa wapi. Nyota moja, tena ya jalada.

2. Diwani nyembamba ya kijani. Mimi mashairi yale sikuyaelewa, na nisichokielewa sikilaumu. Nikaipa nyota tatu za heshima. Tatizo ni mama mkwe. Yeye aliyaelewa. Tangu hapo hanisemi tena kama watu wanavyosemana. Ananisema kwa vina na mizani, mbele ya wateja, nao wanampigia makofi. Nimejaribu kujibu, lakini nikikipata kina cha kati, cha mwisho kinanikimbia.

3. Riwaya ya upelelezi. Nyota tano, haina mfano. Ila muuaji ni kinyozi. Mke wangu alipofika hapo alinitazama, akairudia sentensi ile. Wakati huo wembe wangu ulikuwa kwenye koo la dereva wa lori. Ndugu Mkutubi, sijawahi kuona mtu mnene akishuka kitini taratibu namna ile. Sasa kila mtu anataka mashine tu. Ndevu wanarudi nazo kwao.

4. Riwaya inayoishia mlangoni. Mwanamume amerudi kwake baada ya miaka mingi, ameshika kitasa, kitabu kikaisha. Aliingia au hakuingia? Wanaosema aliingia wamehodhi benchi. Wanaosema hakuingia wamesimama dirishani, wananizibia mwanga. Mke wangu yumo kundi la benchi, nami ni wa dirishani. Chakula changu siku hizi nakikuta nje ya mlango. Nusu nyota.

Kwa hiyo naomba muuguzi afufuliwe katika nakala zote. Muuaji apewe kazi nyingine, kwa mfano mkutubi. Kuhusu yule wa mlangoni, ofisi yako itoe tangazo lenye mhuri. Zaidi ya yote, mwandishi yeyote apigwe marufuku kuua mtu mwema bila idhini ya wasomaji. Mwenye chembe ya huruma hawezi kukaa mezani, kalamu mkononi, akamuua mtu asiyemkosea.

Nisalimie mlinzi wa getini, na yule mama wa dirisha la kurudishia anayenigombeza nikikunja kurasa. Wa kwangu wote wanakusalimu, isipokuwa fundi bomba.

Wako mwenye masikitiko na kadi halali ya maktaba,
Kinyozi wa mkabala na posta

N.B. Nimeanza kuandika riwaya yangu, niwaonyeshe hao waandishi jinsi inavyotakiwa. Ina mpiga picha mmoja, mpole, anayewalea wadogo zake. Naomba uitengee nafasi kwenye rafu. Jana nilimzamisha mtoni. Nililia nikashindwa hata kushika mashine, wateja wakanyoana wenyewe. Lakini ningefanyaje? Hadithi ilikuwa imefika hapo.