Vioo Viwili vya Bwana Stoo

Jumatatu, 3 Julai 1995

Baridi ya Mbinga leo haina adabu. Nimeamka na vidole vya miguu ambavyo si vyangu.

Otilia ametoa hukumu, tena kabla ya uji. Tangu mradi wa hifadhi ya udongo ufungwe na mimi nikaacha kuwa mtunza stoo wake, nyumba hii imetuzidi. Kwa hiyo tukipata mpangaji kufikia Jumapili, sisi tutahamia kibanda cha uani na maisha yataendelea. Tusipompata, tunateremka Liuli, ziwani, tukaishi kwa kaka yake, Dunstan. Nimemwuliza kama amesahau jinsi Dunstan anavyosimulia habari za nyavu mpaka wageni wanasinzia na vijiko mkononi. Amesema hajasahau, na anatamani sana kusinzia.

Mimi ni Mmatengo. Nimezaliwa mlimani. Sitazeekea kwenye baraza ya shemeji.

Mpangaji yupo. Ni kijana anaitwa Twaha, ametoka Tanga kununua kahawa kwa niaba ya kampuni ya watu binafsi, maana siku hizi serikali imewafungulia mlango. Ni kweli kwamba mwezi uliopita, kwenye mkutano wa chama cha ushirika, nilisimama nikasema heri nilale na swila kuliko kumpa mlanguzi wa kahawa maji ya kunywa. Nilisema maji. Sikusema lolote kuhusu kumpangisha.

Jumamosi anakuja kukagua nyumba mbili, yangu na ya jirani yangu Hamidu mwenye duka. Hamidu ana choo cha ndani na tabasamu. Mimi nina madirisha. Mtaalamu mkuu wa mradi, Mzungu aliyeogopa baridi kuliko sisi, aliyaleta kwa meli kutoka kwao, yakaishia kwangu. Kila dirisha lina vioo viwili, kimoja nyuma ya kingine, na hewa imefungiwa katikati. Baridi haiingii. Kelele haziingii. Toka Songea hadi ziwani sijaona mengine.

Saa nne nikagundua kuwa dirisha la sebuleni lina ukungu. Nikafuta kwa ndani. Nikatoka, nikafuta kwa nje. Nikarudi ndani. Nikamlaumu Otilia kwa kunipa kitambaa kichafu. Nikatoka tena. Safari ya tano Otilia, bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua, akasema, "Baba Hildegardi, ukungu uko katikati."

Nimemrudishia kitambaa chake. 

Jumanne, 4 Julai

Nimemwita fundi Hyasinti, seremala aliyefundishwa na mabruda wa misheni. Hana haraka, hana maneno, na ana penseli sikioni ambayo sijawahi kumwona akiitumia.

Akapapasa fremu. Akapiga magoti. Akauliza nani ameziba vitundu vya chini.

Hapa lazima niandike ukweli, kwa kuwa shajara haisomwi. Nimeziba mimi. Mwezi wa Februari, mvua zilipochachamaa, niliona chini ya kila dirisha vitundu viwili vikidondosha maji ukutani na kuchafua rangi. Nikasema hii ndiyo elimu yao! Babu zetu walizuia maji ya mlima mzima. Walichimba ngoro shambani, shimo kwa shimo, majani yakafukiwa kwenye kingo, na mvua ikishuka mteremkoni inakamatwa, haiendi na udongo wetu. Wazungu wa mradi wenyewe walikuja na kamera kuzipiga picha hizo ngoro. Sasa mjukuu wa watu hao aache maji yatoroke kwenye dirisha? Nikachukua puti, nikaziba nyumba nzima. Vitundu ishirini na vinne. Nikamwandikia na mhariri wa gazeti barua kuhusu ubora wa maarifa ya wazawa. Hakuichapisha. Anajulikana.

Nikamjibu Hyasinti kwamba huenda ni Hamidu.

Akachokonoa puti kwa msumari. Maji yakatoka kama ya mbuzi aliyekuwa amejizuia. Yalinuka chura. Akaeleza kwamba dirisha la namna hii lazima lipate maji kidogo, na vitundu ni vya kuyatoa. Yakizuiwa yanakaa chini ya kioo, yanaozesha gundi, unyevu unapanda katikati. Akasema vitundu visafishwe kwa njiti kila baada ya mvua, mpira wa pembeni uoshwe kwa sabuni ya mche na kukaushwa, na dirisha lisibamizwe. Ni hayo tu. Lakini hili la sebuleni limeshakufa. Ama niagize kioo kipya kwao, ama atoe kioo cha nje, kibaki kimoja kama kwa watu wengine.

Kama kwa watu wengine! Nimemwambia nitatafakari. Amesema na vitundu vingine vizibuliwe. Nimemwambia nitatafakari hilo pia.

Jumatano, 5 Julai

Nimepata dawa. Nimeipata saa kumi na moja alfajiri, nikiwa bado kitandani, jambo linaloonyesha kwamba akili haihitaji karakana.

Hyasinti alitaja kwamba kati ya vioo kuna utepe wa bati, na ndani yake chembechembe za kunyonya unyevu, nazo sasa zimeshiba. Basi ni kuweka kinyonyaji kingine. Na Mbinga nzima inajua kinachonyonya unyevu kuliko vyote: kahawa kavu yenye ganda lake. Iweke usiku mmoja kwenye sakafu ya udongo, asubuhi inakuwa nzito kwenye mizani. Kuna watu hapa wamejenga nyumba kwa ujuzi huo. Siwataji.

Nimechokoa pembe ya juu ya utepe na kumimina kahawa kwa karatasi iliyokunjwa. Kilo moja hivi. Imeshuka vizuri, ikalala chini kati ya vioo viwili kama kwenye chupa. Saa sita ukungu ulikuwa umerudi nyuma hadi nusu. Nimemwita Otilia ashuhudie. Akatazama, akauliza kama ile ni kahawa ya mbegu aliyopewa na Hildegardi, binti yetu aliyeolewa Maguu.

Nimesema sayansi haina Maguu.

Alhamisi, 6 Julai

Kahawa imenyonya. Hilo hakuna atakayelikana. Imenyonya mpaka imevimba, na jua la jana mchana limeipika, na asubuhi hii imeota ndevu nyeupe. Sasa nina ukungu wa aina mbili.

Hamidu kapita saa tatu, ati kunisalimu. Akasimama barabarani, mikono nyuma, akatazama dirisha kama mtu anayesoma tangazo. Akauliza, "Bwana Stoo, umefungua ghala dirishani?" Nikamjibu kwamba ni utafiti. Akasema alhamdulillahi, alidhani chama cha ushirika kimekosa pa kuwekea. Kisha akanikumbusha yule swila niliyemtaja mkutanoni, akauliza hajambo, na ameandaliwa chumba kipi. Wateja wake wawili walikuwa nyuma yake. Walicheka kwa zamu.

Nimemrudia Hyasinti.  Alitoa kioo cha nje, akaitupa kahawa na utepe, akaosha kioo cha ndani, akakipigilia vipande vya mbao pembeni. Otilia alimshikia misumari. Kioo alichokitoa amekichukua mwenyewe, atakitia kwenye mlango wa kabati. Sasa dirisha linang'aa, mtu anaona hadi miti ya Hamidu. Kutoka nje huwezi kujua. Nani huhesabu vioo? Mtu akitazama dirisha hutazama kilicho ng'ambo.

Nimemwapisha Otilia asimwambie mtu. Ameapa upesi mno.

Jumamosi, 8 Julai

Twaha alifika saa nne, na Hamidu nyuma yake kama kupe, ati anasindikiza mgeni. Ni kijana mwembamba, amevaa koti la ngozi. Akainama kidogo na kusema, "Shikamoo, mzee." Mzee! Nina miaka arobaini na tisa. Nikaitikia marahaba kwa kinywa peke yake.

Nikamtembeza. Nilipanga aishie chumbani, kwenye vioo vyenye afya. Yeye akaenda moja kwa moja sebuleni, kwa sababu sebule inatazama barabara, na barabarani ndiko yatakakopita malori ya kahawa. Akauliza kama atapata usingizi. Hapo nikafunguka. Nikaeleza hewa iliyofungiwa, nikaeleza Ulaya, nikaeleza jinsi sauti inavyogonga kioo cha kwanza ikachoka na kufia kwenye cha pili. Nikasema bendi ya jeshi ingeweza kupiga uani naye akaendelea kuota. Nilihubiri juu ya vioo viwili mpaka mwenyewe nikaviona.

Hamidu akasema basi tujaribu. Yeye na mgeni wasimame nje, mimi na mama tuzungumze ndani kwa sauti ya kawaida. Nikasema karibu sana. Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa na bado sijui ni nani aliyenijibia.

Wakatoka. Wakasimama hatua mbili kutoka kwenye kioo. Otilia, kwa sauti anayoimbia kwaya, akaniuliza, "Haya, Baba Hildegardi, huyu kijana unamwonaje kwa kweli?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimejizuia tangu Jumatatu. Nikasema ni kinda la mlanguzi, amekuja na mizani ya kuibia wakulima na koti la kuazima. Nikasema hata hivyo tutamtia saini ya miaka miwili, kwa sababu vitundu vya vyumbani bado vimezibwa, na mvua zikija kila dirisha litageuka bwawa la samaki. Wakati huo mimi nitakuwa kibandani uani, nikiandika kila lori linaloingia, na mwisho nitayapelekea magazeti makala kwamba wanunuzi binafsi ndio wanaobomoa nyumba za wazawa. Otilia akauliza, na Hamidu je? Nikasema na Hamidu atakuwemo kwenye makala.

Wakati wote huo Twaha alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja chai nzuri. Nikadhani anastaajabu ukimya.

Nilipomaliza, akajibu kupitia kioo, bila kupaza sauti. Alisema koti ni lake, alinunua Kariakoo. Na miaka miwili ni mingi, angependa kuanza na mmoja.

Hamidu alikuwa amekaa chini, anacheka. 

Nilitegemea aende zake. Hakwenda. Alirudi ndani, akajipangusa viatu, akanishukuru. Akasema amekagua nyumba kumi tangu Songea, na zote wenyewe waliapa kwamba hazina kasoro. Yangu ndiyo ya kwanza kuelezwa kasoro zake zote, tena na mwenyewe, kwa sauti inayosikika. Ataichukua, kwa masharti mawili. La kwanza, Hyasinti azibue vitundu vyote kabla ya Jumatatu. La pili, kibanda cha uani kiwe na magunia yake peke yake. Hataweza kulala na gazeti uani.

Nikafungua kinywa. Otilia alikuwa ameshamjibu ndiyo, mwanangu, karibu sana.

Nikamwita pembeni nikamwuliza tutaishi wapi. Akasema mpangaji ameshapatikana, sasa nifurahi. Halafu akavuta kikapu kutoka nyuma ya mlango. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa ndani, na soksi juu.

Niandike vizuri: Hamidu ameshindwa. Nyumba yangu imechaguliwa, yake imeachwa. Huu ni ushindi. Tunahama Jumatatu.

Jumanne, 3 Oktoba

Liuli. Joto. Hata kalamu inateleza.

Leo Dunstan amemaliza kunisimulia wavu wa mwaka sabini na moja na ameahidi wa sabini na mbili. Amekwenda Mbamba Bay kuuza samaki, atarudi Alhamisi. Otilia yuko kwenye kikao cha akina mama kanisani. Kwa mara ya kwanza tangu Julai ninaweza kufikiri.

Imefika barua ya Hyasinti. Twaha ameona madirisha yangu yanamfungia hewa, naye anataka asikie wakulima wakimwita. Ameyang'oa yote yaliyobaki, kumi na moja, ameweka ya kawaida yenye wavu wa mbu. Yangu yamelala karakanani, na vioo vyake viwili viwili, safi. Fundi anauliza ayafanyeje.

Nimecheka peke yangu mpaka mbwa akahama. Ujinga ulioje! Mlimani kwenye baridi ameyang'oa, na hapa kwenye joto hakuna aliye nayo. Kisichoingiza baridi hakiingizi joto, hata mtoto anajua. Madirisha ya nyumba ya Dunstan ni vibao vitupu. Upepo wa ziwa unaingia na kutoka utakavyo, hakuna wa kuuliza. Nimekuwa nikimweleza aibu hii kwa miezi mitatu, naye hunijibu kwa nyavu.

Nimemwandikia Hyasinti, kwa mkono wa dereva anayepanda leo, apakie yote kwenye lori la kesho. Otilia anafahamu kwamba lori linaleta maharage, na maharage yatakuwemo.

Vibao vya vyumba vitatu nimeshavitoa. Mpishi wa kanisa aliomba kuni, nikampa. Akirudi Alhamisi, Dunstan atalala kwa mara ya kwanza maishani mwake katika nyumba isiyopitisha upepo.