Ndege Iliyotoka Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kaangukiwa na bahati. Kanunua bawa la ndege ya vita iliyostaafu, kwenye vyuma chakavu, na sasa analikatakata kutengeneza vishikio vya funguo. Watu wanapanga foleni! Nimemwomba kipande, kindugu tu. Kasema mkono mtupu haulambwi. Haya. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Vishikio vya shemeji havina namba ya ndege. Vyangu vitakuwa nayo! Nimechukua kifuniko cha sufuria kubwa, nikakata kwa msumeno, nikapiga tupa. Namba nitagonga kwa msumari, na mtaani nimeshatangaza. Kidole gumba kimevimba. Mke wangu kauliza kifuniko kiko wapi. Nikasema labda panya. Kaniangalia sana.

Jumatano, 5 Machi
Kaja mama mmoja, mtu mzima. Mwanawe alikuwa rubani wa jeshi. Ndege yake, namba 417, iliruka miaka kumi na moja iliyopita, haikurudi. Aliletewa barua tu. Alianzia kwa shemeji, na yule mjinga kamwambia ukweli, kwamba hajui bawa lake ni la ndege gani. Akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, kama nina chochote cha 417. Nikamwambia aje kesho, nikatafute stoo. Stoo gani! Ulimi hauna mfupa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempa. Kakishika kwa mikono miwili, kapapasa namba, kakiweka shavuni. Kasema sasa ana kitu cha kuzika.
Kuzika! Mimi nilidhani atatia funguo. Nikafungua mdomo nimwambie, ukajifunga wenyewe. Kaniomba Jumamosi nikae na familia, mimi na mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Jeneza refu, la mtu mzima, na ndani kitu saizi ya biskuti. Mke wangu kachungulia. Kaona lile tundu la mkono wa kifuniko chake cha sufuria. Kaangua kilio, watu wakamsifu kwa huruma. Mama akamkumbatia, akamwambia mumewe ni mtu wa Mungu.
Mzee mmoja, fundi wa ndege mstaafu, akanivuta pembeni. Kaninong'oneza kwamba 417 ilizama ziwani na haukuopolewa hata msumari. Yeye alikuwa kwenye msako. Mama hakuambiwa, na miaka yote hii yeye hakuwa na moyo wa kumwambia. Akaniamuru nikatupe udongo kama wenzangu, na nisirudie tena maishani mwangu.
Nikatupa. Aibu niliyoisikia leo sijapata kuisikia. Nimeapa mbele ya kaburi: basi!

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu karudi kwao. Shemeji kaja kubeba masufuria, vijiko, mpaka karai, bila hata salamu. Nimekaa sakafuni, nikajuta hasa.
Saa nne wakabisha hodi wanawake wawili walioniona mazikoni jana. Mmoja anamlilia kaka yake, mwingine mumewe. Ndege namba 392 na namba 420. Walikuwa wamejitanda nguo nyeusi, hawakutaka hata kukaa.
Nimewaambia waje Alhamisi.
Birika shemeji kalisahau nyuma ya mlango. Linatosha ndege mbili.